Kibali si idhini: karatasi mbili za sola ya nyumbani

Mtu akisema "sola yangu ina kibali", muulize: cha nani? Kibali hutoka kwa mamlaka ya ujenzi, nacho kinahusu nyumba: paa litabeba mzigo (paneli moja ya kawaida ina kilo 20 hivi), nyaya ni salama, zimamoto wana pa kupita. Idhini ya kuunganisha hutoka kwa shirika la umeme, nayo inahusu laini: inveta yako (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama ule wa laini) inaruhusiwa kufanya kazi sambamba na gridi, yaani mtandao wa umeme wa shirika. Ni hayo tu.

Maneno yenyewe yametoka Kiarabu, lakini si ya ukoo mmoja. Kibali ni ndugu wa kubali na kibla. Shina lake ni kukielekea kitu na kukipokea, ndiyo maana twasema mtu "amepata kibali" machoni pa mwenzake. Idhini ni ndugu wa adhana, na humo ndani mna sikio: aliyeidhinishwa ni aliyesikilizwa. (Ruhusa, kwa wanaopenda kujua, ni ndugu wa rahisi: umelegezewa.) Sidai kwamba ofisi zinafuata nasaba hii. Nyingine huandika "kibali" juu ya kila barua, kwa hiyo usisome kichwa cha barua, soma nani kaisaini.

Kipimo chepesi cha tofauti hii ni mfumo wa betri usiogusa gridi kabisa. Huo bado unaweza kudai kibali, kwa sababu paa ni lilelile, ila idhini hauna wa kumwomba. Kinyume chake, inveta iliyopangwa isirudishe hata wati moja bado inahitaji idhini. "Mimi siuzi umeme" si hoja. Maadamu inveta imeunganishwa sambamba na laini, shirika litataka uthibitisho kwamba gridi ikizimika inveta inajikata yenyewe, kwa viwango vingi ndani ya sekunde 2, ili fundi aliye juu ya nguzo asikute waya wenye umeme alioudhani umekufa.

Na idhini nayo ina sehemu mbili, hapa ndipo wengi huteleza. Ya kwanza huombwa kabla ya kununua vifaa. Unapeleka mchoro wa mstari mmoja (unaoonyesha kwa mistari myepesi jinsi vifaa vinavyoungana), ramani ya eneo, karatasi za sifa za paneli na inveta, na ukubwa wa mfumo. Ukubwa huo kwa kawaida ni wa inveta, si jumla ya paneli: paneli za kilowati 6.6 kwenye inveta ya kilowati 5 huandikwa 5 pale fomu inapouliza upande wa gridi. Andika 6.6 na unaweza kuvuka kikomo bila sababu, maana shirika linatazama transfoma yenu inahudumia inveta ngapi tayari na volti itapanda kiasi gani mchana. Fundi akibadilisha modeli ya inveta baadaye kwa kuwa ya awali imeisha dukani, mchoro ulioidhinishwa haulingani tena na kilicho ukutani, na ombi hurudi nyuma.

Ya pili ni idhini ya kuwasha. Huja baada ya mkaguzi kupitisha kazi, shirika kupata cheti cha ukaguzi huo, na mita kubadilishwa au kupangwa upya. Mkaguzi akishasaini, kishawishi ni kikubwa: jua liko juu, swichi iko pale. Lakini baadhi ya mita za kielektroniki zisizopangwa kwa pande mbili huhesabu umeme unaotoka kama umeme uliotumika, hivyo kila uniti unayoirudisha unatozwa.

Kwa hiyo anayesema "kibali kimetoka, tuwashe" hajapotea mbali. Aseme tu: kibali kimetoka, idhini ya kuwasha bado.