"Ensenada hakuna kitu": dhana potofu kuhusu siku ya mwisho ya safari ya meli

Wiki iliyopita nimeambiwa tena. Familia ya watu watano, wanapanda meli Los Angeles, wanazunguka visiwa vya Hawaii, na kabla ya kurudi wanapitia Ensenada, Meksiko. Baba akaniambia, "Siku hiyo tutalala na kufunga mabegi. Pale hakuna kitu, meli inasimama kwa ajili ya sheria tu." Kazi yangu ni kuwapangia watu safari za meli, na hakuna maneno yanayonichosha kama hayo.

Habari ya sheria ni kweli. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inazuia meli yenye bendera ya kigeni kusafirisha abiria kati ya bandari za Marekani peke yake. Meli nyingi kubwa za kitalii zimesajiliwa Bahamas, Panama au Bermuda, kwa hiyo ikitoka Los Angeles kwenda Hawaii na kurudi, lazima iguse bandari ya nchi nyingine. Ensenada iko kilomita mia na kitu kusini mwa mpaka, ndiyo maana ikachaguliwa. Lakini sababu iliyoileta meli gatini haihusiani na uzuri wa mji. Watu wanachanganya mambo hayo mawili, kisha wanashinda kwenye bwawa la melini huku mji wa watu uko mbele ya macho yao.

Huhitaji hata gari. Ukitoka bandarini unafika kwa miguu uwanja wa Plaza Cívica, penye sanamu tatu kubwa za vichwa, za rangi ya dhahabu, za viongozi wa historia ya Meksiko: Miguel Hidalgo, Benito Juárez na Venustiano Carranza. Wenyeji wanapaita Tres Cabezas, yaani vichwa vitatu. Mtoto anayesoma historia ya Meksiko shuleni California atapata pale somo zima.

Ukiendelea na barabara ya ufukweni utafika Riviera del Pacífico, jengo jeupe lenye bustani. Lilifunguliwa mwaka 1930 kama hoteli na kasino, enzi ambazo pombe ilikuwa marufuku Marekani na wenye fedha walivuka mpaka kunywa na kucheza kamari. Mwaka 1933 marufuku ya pombe ikaondolewa Marekani; baadaye kidogo serikali ya Meksiko nayo ikapiga marufuku kamari, na biashara ikaanguka. Leo ni kituo cha utamaduni. Ingia utazame dari na vigae, usiishie kupiga picha getini.

Halafu kuna soko la samaki, Mercado Negro. Hapa huwa nang'ang'ania: siku hiyo usile kifungua kinywa cha melini. Nenda na njaa. Vibanda vya jirani vinauza taco za samaki, chakula ambacho Ensenada inajivunia kuliko vyote. Kipande cha samaki kinachovywa kwenye rojo la unga, kinatumbukizwa kwenye mafuta yanayochemka, kinatoka na ganda la kahawia linalovunjika ukiliuma. Kinawekwa juu ya chapati ndogo ya mahindi, kinamwagiwa kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba, sosi nyeupe, na nyanya na vitunguu na pilipili ambavyo mtu wa pwani yetu ataviita kachumbari bila kuuliza. Unakamulia ndimu, unakula umesimama. Anayeniambia chakula cha mtaani kitamharibia tumbo namjibu hivi: chagua kibanda chenye foleni ya wenyeji, kula kinachotoka kwenye mafuta saa hiyohiyo, na maji kunywa ya chupa.

Lingine ni la viza, na hili si la mzaha. Watu husema, "Nikiwa melini sijatoka Marekani." Umetoka. Ukirudi utakaguliwa na uhamiaji kama mtu aliyeshuka kwenye ndege, na viza ya kuingia mara moja ilishatumika ulipoingia mara ya kwanza. Kile cheti cha kuzaliwa unachosikia kwamba kinatosha ni kwa raia wa Marekani tu, kwenye safari inayoanza na kuishia bandari ileile ya Marekani. Wewe mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania, uliza kabla ya kulipa, usiulize ukiwa gatini na mabegi.

"Meli itatusubiri." Itawasubiri waliokwenda kwenye ziara iliyouzwa na meli yenyewe. Ukikodi teksi yako na ukachelewa, inaondoka. Kwa hiyo La Bufadora, pale bahari inapoingia kwenye pango la mwamba na kuruka juu kwa mngurumo, nenda ukiwa na muda mwingi. Iko mbali na mji, kwenda na kurudi peke yake ni saa moja na nusu au zaidi. Meli ikisimama nusu siku, baki mjini.

Kuhusu vito vya madini ya fedha: neno "alpaca" linalotajwa na muuzaji ni jina la madini yasiyo na fedha ndani yake kabisa. Tafuta chapa ya 925, alama ya vito vya fedha halisi. Na dola zinapokelewa karibu kila duka, ila kiwango cha kubadilisha anakipanga muuzaji, kwa hiyo chukua peso kidogo, noti ndogondogo, za taco na za teksi.