Je, wajua kwa nini aliyesagika paja anaweza kugomewa na mapafu?

Mi kwa miaka mingi nilijua ni bakteria tu. Mtu kapata ajali mbaya, paja limesagika, damu imemwagika nyingi, kaongezewa, kifua hakijaguswa hata kidogo, halafu siku ya pili au ya tatu mapafu yanajaa maji na figo nazo zinagoma, basi nasema ah, kidonda kimeingia uchafu. Na nilikuwa nasema kwa kujiamini kweli! Kumbe kwenye siku hizo za mwanzo damu inaweza kupimwa na bakteria asionekane. Nikahamia jibu la pili, kwamba kinga imeisha nguvu, nako nikaingia chaka, maana kinga saa hizo imepandisha mori. Udhaifu upo, unakwenda sambamba na huo mori, na baadaye ndio unaofungulia maambukizi mlango, ila mapafu ya siku ya pili mara nyingi yanaumizwa na walinzi wenyewe, yaani seli za kinga.

Wanakosea wapi? Ndani ya seli zetu kuna mitokondria, zile za kutengeneza nishati, na asili yake ni bakteria walioingia kwenye seli za kale zaidi ya miaka bilioni 1 iliyopita wakabaki humohumo. Mchukulie kama mpangaji aliyekaa miaka yote hiyo lakini lafudhi haijamtoka: protini anazojitengenezea bado zinaanza na alama ya fomili kama za bakteria, na DNA yake bado ni ya duara. Akiwa chumbani hakuna anayemsikia. Msuli ukisagika nyumba inabomoka, anajikuta barabarani, yaani kwenye damu, na nyutrofili (seli nyeupe za doria) hawaulizi kitambulisho, wakisikia lafudhi wameshatoa virungu. Mwaka 2010 watafiti wa Boston walikuta DNA ya mitokondria imejaa kwenye damu ya majeruhi, na panya waliodungwa mabaki ya mitokondria mapafu yao yaliumia, bila bakteria yeyote.

Sasa kwa nini mapafu? Damu yote inayorudi kwenye moyo inapitia huko kwanza, na vimishipa vyake vingi ni vyembamba kuliko nyutrofili mwenyewe, kwa hiyo kila siku anapita kwa kujikunja kama godoro la sponji mlangoni. Akishtuliwa anakakamaa, sponji inageuka ubao, anakwama, mwenzake anakuja nyuma naye anakwama, na wakiwa wamebanana hapo wanamwaga vimeng'enya na oksijeni kali, wengine wanatupa nyavu zilizofumwa kwa DNA yao wenyewe (kituko hiki kilielezwa mwaka 2004 tu). Ukuta wa mshipa unatoboka, maji yanavuja kwenye vifuko vya hewa.

Homoni nazo zimo. Adrenalini inapanda papo hapo na kuwabandua nyutrofili waliokuwa wameegemea kuta za mishipa, doria inajaa barabarani. Lakini kilichonishangaza ni homoni za jinsia: kwenye majaribio ya panya waliopoteza damu nyingi, majike walio kwenye siku za istrojeni nyingi walihimili vizuri kuliko madume, na madume waliohasiwa mapema nao wakahimili!

Kwa binadamu mambo hayajanyooka hivyo, tafiti nyingine zinaona wanawake wana nafuu, nyingine hazioni kitu. Projesteroni (homoni nyingine ya kike) ilijaribiwa kwa majeruhi wa ubongo kwenye majaribio mawili makubwa, jumla watu zaidi ya 2,000, matokeo yakatoka 2014: haikusaidia. Na wanaosema basi tuwapoze tu walinzi kwa dawa jamii ya kotisoli (homoni ya mwili inayotuliza kinga) wakumbuke zilishatumika miaka mingi kwa majeruhi wa kichwa, kila mtu akiona ina mantiki, mpaka lilipofanyika jaribio kubwa. Lilipangwa la watu 20,000, mwaka 2004 likasimamishwa kwenye 10,008, kwa sababu waliopewa dawa walikuwa wamekufa asilimia 21 ndani ya wiki mbili na wasiopewa 18.