Braketi ina pande nne, na kila upande una alama yake

Juma lililopita mama mmoja kutoka Mbagala alimleta binti yake wa kidato cha pili, mwezi wa tano tangu tumfunge waya za meno. "Daktari, huyu anapiga mswaki asubuhi na usiku, mimi mwenyewe namsimamia," aliniambia kabla sijauliza lolote. Nilimwamini. Kwa kutazama tu, meno yalikuwa yanang'aa.

Nikampaka binti mafuta ya mgando midomoni, nikalifunika shati lake jeupe la shule, nikayapaka meno rangi nyekundu ya kuonyesha ukoga. Akasukutua mara moja, akatema. Nikampa kioo. Juu ya kila braketi, yaani kile kipande kidogo cha chuma kinachobandikwa kwenye jino ili kishike waya, kwenye ule upenyo mwembamba kati ya chuma na ufizi, palikuwa na mstari mwekundu uliopinda kama nyusi.

Mstari huo ni rahisi kupotea kwenye vipimo vyetu vya ukoga, kwa sababu vingi vilitungwa kwa ajili ya meno yasiyo na chuma. Kinachotumika sana ni cha watafiti Silness na Löe cha mwaka 1964. Unakausha jino, unapitisha ncha ya kifaa ukingoni mwa ufizi, unatoa alama: 0 hakuna ukoga, 1 utando usioonekana mpaka uukwangue, 2 unaonekana kwa macho, 3 umejaa na ni mzito. Kile cha Quigley na Hein cha 1962, kilichorekebishwa na Turesky na wenzake mwaka 1970, kinatumia rangi na kuangalia ukoga umetambaa umbali gani kutoka ufizini, kwa alama 0 hadi 5.

Hicho cha pili kinachukulia kwamba ukoga huenea kama maji yanavyojaa, kuanzia ufizini kuelekea kwenye makali ya jino. Jino lenye braketi halifuati utaratibu huo. Nenda Kigamboni maji yakishapwa, uone mwani ulivyonasa kuzunguka mawe yaliyosimama peke yake. Braketi ni jiwe la namna hiyo. Ukoga hunasa pembeni yake, chini ya waya, na kwenye mpira unaoshikilia waya, hata kama ufizi wenyewe uko mbali.

Ndiyo maana uso wa mbele wa kila jino naugawa sehemu nne kuizunguka braketi: upande wa ufizi, upande wa makali, ubavu wa kuelekea katikati ya mdomo na ubavu wa kuelekea magegoni. Kila sehemu inapata alama yake, 0 hadi 3. Si ubunifu wangu. Wataalamu wa kupanga meno wamekuwa wakikirekebisha hivyo kipimo cha Silness na Löe.

Tazama meno sita ya mbele ya juu ya yule binti. Upande wa makali: 0 kote. Mbavu zote: 1. Upande wa ufizi: 3, 2, 2, 2, 2, 3. Ukijumlisha unapata 26. Gawanya kwa sehemu 24, wastani ni 1.1 hivi. Daktari mwenye haraka ataandika "usafi unaridhisha" na kumwita anayefuata. Lakini upande wa ufizi peke yake wastani ni 2.3, na hapo ndipo madhara yanapoanzia.

Mwaka 1965 Löe na wenzake waliwaachisha watu 12 wenye fizi nzima kupiga mswaki. Wote walipata uvimbe wa fizi ndani ya siku 10 hadi 21, na walipoanza tena kusafisha, fizi zikapona. Enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, haina bahati hiyo. Bakteria wa ukoga wanageuza sukari ya soda na kashata kuwa asidi, na pH, kipimo cha ukali wa asidi, ikishuka chini ya 5.5 hivi, madini ya jino yanaanza kutoka. Doa jeupe kama chaki linaweza kujitokeza ndani ya wiki nne. Wagonjwa wetu tunawaona kila baada ya wiki nne hadi sita, yaani doa linaweza kuzaliwa kati ya miadi miwili.

Mimi hupima kabla ya kugusa waya au mipira, maana ukiing'oa mipira umeshaondoka na ukoga. Na kabla ya kubandika braketi napiga picha. Hapa Dar tunapokea watu wengi waliokulia Arusha na Kilimanjaro, kwenye maji yenye floridi nyingi, madini yanayoacha madoa menoni. Madoa yao ni ya utotoni, kwa kawaida yanafanana kulia na kushoto. Bila picha, baadaye waya zitabeba lawama isiyo yao.

Nilimpa binti mswaki, apige mbele ya kioo mpaka nyusi zote zifutike. Nilimwonyesha kuuinamisha juu ya braketi, nywele zielekee ufizini, kisha kuingiza mswaki mdogo chini ya waya. Meno ya juu peke yake yalimchukua zaidi ya dakika tatu. Mama alikuwa amesimama nyuma ya kiti. "Kumbe mimi namsimamia mlangoni," akasema, "sijawahi kumwangalia mdomoni."

Anarudi baada ya wiki nne. Nitaanza na yale machonge mawili yaliyopata 3.