Je, wajua kwa nini kibali cha bunduki hutangulia bunduki yenyewe?

Watu wengi wa Tanga wenye ndugu ughaibuni wana swali hili, hasa wakulima wa Muheza na Handeni ambao nguruwe pori hawawaachii shamba la mahindi. Mtoto wa shangazi yuko Marekani, na huko bunduki zinauzwa madukani, tena kwa bei nafuu. Kwa nini asinunue moja, akaifunga vizuri, akaituma, na mwenyewe akaenda kuilipia ushuru bandarini?

Haiwezekani, kwa sababu utaratibu wa bunduki umegeuzwa. Gari unaweza kulinunua Japani leo na kuanza kuhangaika na forodha likishapakiwa melini. Bunduki huanza na karatasi za nyumbani. Karatasi hizo zisipokamilika, hakuna anayeruhusiwa kukuuzia kule wala kukupokelea huku.

Kwetu Tanzania jambo hili linasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Maombi huanzia chini kabisa, kwenye serikali ya mtaa au ya kijiji, yakapanda kupitia kamati ya ulinzi na usalama na polisi hadi kwa Msajili wa Silaha. Wako wanaolalamika kwamba mwenyekiti wa mtaa hajui lolote kuhusu bunduki. Kweli hajui, lakini anakujua wewe. Anajua kama una ugomvi wa mpaka na jirani, kama ukilewa mkono unakuwa mwepesi, kama mkeo amewahi kukimbilia kwa balozi usiku. Mambo hayo hayaandikwi kwenye kitambulisho cha taifa, na mimi naona hatua hii ya kwanza ndiyo yenye maana kuliko zote.

Halafu kuna jambo ambalo watu hulichanganya. Leseni ya kumiliki silaha ni kitu kimoja, na kibali cha kuingiza silaha nchini ni kingine. Hata mwenye leseni halali hawezi kuamka asubuhi akaagiza bunduki ya pili kutoka nje. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 imeziweka silaha na risasi, zile za Sura ya 93 ya orodha ya bidhaa, katika kundi la bidhaa zenye masharti. Maana yake haziko kwenye marufuku kamili, ila haziingii bila kibali cha mamlaka husika. Kwa hiyo ukifika mpakani Horohoro au bandari ya Tanga na bunduki isiyo na kibali, usitarajie kukadiriwa ushuru. Mzigo utazuiwa, na wewe utakuwa na maswali ya kujibu polisi.

Upande wa muuzaji nao una kufuli lake. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 258 ya mwaka 2012 inaitaka nchi ya Ulaya, kabla ya kuruhusu bunduki ya kiraia itoke, ihakikishe kwanza kwamba nchi inakokwenda imeruhusu iingie. Nchi ambazo mzigo utapita njiani nazo hupewa nafasi ya kupinga. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha ina sharti kama hilo. Ndiyo sababu muuzaji mwaminifu wa Ubelgiji au Ujerumani, kabla hata ya kutaja bei ya usafirishaji, atakuuliza kibali chako cha kwenu kiko wapi.

Marekani nako, pamoja na maduka yake yote, mtoto wa shangazi hayuko huru kama anavyodhani. Mnunuzi dukani hujaza fomu ya serikali kuu na kuthibitisha kwamba yeye ndiye mnunuzi halisi wa silaha ile. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mtu aliyenunua bastola kwa pesa alizotumiwa na mjomba wake. Mjomba mwenyewe alikuwa na sifa zote za kumiliki bastola. Hata hivyo majaji, watano dhidi ya wanne, walisema aliyejaza fomu alitenda kosa, kwa sababu aliandika kwamba ananunua yake ilhali ananunua ya mwingine. Na hapo bastola haikutoka nje ya nchi. Kuituma ng'ambo bila leseni ya kusafirisha nje ni kosa jingine, lenye kifungo kirefu. Ndugu wa nyumbani anayemsukuma amfanyie hivyo anamtafutia jela, hata kama hakusudii.

Lakini kwa nini dunia nzima ikashikilia utaratibu huu wa kinyumenyume? Sehemu kubwa ya jibu iko hapa hapa mwambao wetu, Bagamoyo na Pangani.

Katika miaka ya 1860 na 1870 majeshi ya Ulaya yaliacha bunduki za kushindilia baruti mdomoni mwa mtutu, yakachukua zile zinazopakiwa risasi nyuma. Bunduki za zamani zikabaki maghalani kwa maelfu. Wafanyabiashara wakazinunua kwa bei ya kutupa, na nyingi zikaishia Unguja, kisha Bagamoyo, kisha bara pamoja na misafara ya pembe za ndovu. Hayo ndiyo magobore. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Unguja, Euan-Smith, aliiandikia serikali yake kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kupitia eneo hili. Hakuna aliyekuwa na daftari la kuonyesha zimeangukia mikononi mwa nani. Nyingine zilitumika kuwinda tembo, nyingine kulinda vijiji, na nyingi mno zilitumika kuteka watu na kuwauza.

Mwaka huo huo wenyeji wa pwani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim huko Pangani na Bwana Heri huko Saadani, waliwainukia Wajerumani. Desemba 1888 manowari za Ujerumani na Uingereza zikaziba mwambao, zikizuia watumwa kutoka na silaha kuingia. Kisha tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yakatia saini mkataba uliochora ukanda mkubwa barani Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini mwa ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Tanga na Bagamoyo zimo ndani kabisa ya ukanda huo. Silaha zilizoshushwa humo zilitakiwa kuwekwa katika ghala la serikali. Bunduki za kisasa hazikutolewa ghalani ila kwa mtu mwenye dhamana ya kutosha kwamba hatampa wala kumuuzia mwingine, au msafiri mwenye hati ya serikali yake kwamba ni ya kujilinda. Na kila bunduki iliyotolewa hivyo ilipaswa kuandikishwa na kupigwa alama.

Soma masharti hayo tena uyalinganishe na ya leo: kibali kabla ya silaha, dhamana ya mtu mwenyewe, daftari, alama.

Haki isemwe. Mkataba ule ulitangazwa kwa jina la kukomesha utumwa, lakini uliwafaa sana wakoloni, kwa kuwa Mwafrika aliachiwa gobore na baruti ya kawaida huku askari wa serikali akibeba bunduki ya kisasa. Sikubaliani na wanaousimulia kama hisani tupu. Hata hivyo tatizo la msingi lilikuwa la kweli, na halijaondoka: bunduki ikishashuka pwani bila kuandikwa, hairudishiki. Chuma kinachopakwa mafuta hudumu kuliko mwenyewe. Aprili 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli ya Kijerumani Rubens, iliyojifanya meli ya Denmark, ilishambuliwa na manowari ya Waingereza Hyacinth katika ghuba ya Manza, kaskazini ya mji wa Tanga. Waingereza walidhani imekwisha, lakini Wajerumani walichomoa shehena yake ndani ya maji, bunduki zaidi ya elfu moja na mamilioni ya risasi, wakazikausha na kuendelea na vita kwa miaka mingine mitatu.

Sasa tuje kwenye alama. Bunduki inayotoka kiwandani ina namba yake, iliyogongwa kwenye mwili wa chuma na mara nyingi kwenye mtutu pia. Ile iliyopita Liège, Ubelgiji, hubeba na alama ya umbo la yai yenye herufi ELG, ushahidi kwamba mtutu ulijaribiwa kwa baruti nzito kuliko kawaida na haukupasuka. Itifaki ya 2001 inaongeza alama nyingine: nchi inayopokea bunduki iigonge chapa yake na, inapowezekana, mwaka ilipoingia. Nchi zetu, zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo mwaka 2004, zimepata mashine za kazi hiyo kupitia RECSA, kituo cha kanda cha silaha ndogo. Bunduki hubanwa, kisha sindano ngumu inayoendeshwa na kompyuta hugonga chuma haraka haraka, nukta kwa nukta, mpaka herufi zinasomeka. Kazi yenyewe ni ya muda mfupi tu.

Faida yake huonekana bunduki ikiokotwa porini baada ya ujambazi. Namba ya kiwanda peke yake humpeleka mpelelezi hadi kwa muuzaji wa Ulaya miaka mingi iliyopita. Chapa ya kuingizia humleta karibu: iliingia nchi fulani, mwaka fulani, basi lifunguliwe daftari la mwaka huo. Anayezikwangua kwa tupa naye anajidanganya. Chuma kilichogongwa hubanwa hata chini ya herufi, na mtaalamu wa maabara huweza kuirudisha namba iliyofutwa kwa kuipaka tindikali. Bunduki inayoingia kwa muda tu, kama ya mwindaji mgeni anayeondoka nayo, inaweza kusamehewa chapa hiyo, lakini kibali cha muda lazima awe nacho.

Jambo moja linawapata watu wema kabisa. Mzee alimiliki bunduki yake kihalali miaka yote, akafariki, na bunduki ikabaki kabatini Pangani au Bagamoyo. Watoto wanahesabu kuwa wameirithi pamoja na nyumba na minazi. Leseni ilikuwa ya mzee, na imekwisha pamoja naye. Nendeni polisi na kitabu chake cha silaha pamoja na cheti cha kifo, mwaeleze bunduki ilipo na mfuate watakavyoelekeza kuhusu kuikabidhi. Mtoto anayeitaka ataomba kwa jina lake mwenyewe, akianzia kwa mwenyekiti wa mtaa.