Mfalme John na hela za watu

Kila nikifundisha Ulaya ya zama za kati wanafunzi wanakuja na yule John wa hadithi za Robin Hood, mwoga, mvivu, analialia tu. Hapana jamani. Huyu mtu alikuwa mchapakazi kupita kiasi, tatizo kazi yenyewe ilikuwa kuwakamua watu hela.

Ni kitinda mimba wa Henry II, kapata ufalme wa Uingereza 1199 baada ya kaka yake Richard kufa, kufika 1204 Philip II wa Ufaransa keshampokonya Normandy, ardhi ya ukoo wake kule kaskazini mwa Ufaransa. Miaka kumi iliyofuata akili yote ipo kwenye kuirudisha, na vita inakula hela.

Sasa ilikuwa hivi, baba akifa mrithi hapewi ardhi mpaka amlipe mfalme, na kiasi anataja mfalme mwenyewe. Mrithi mmoja, Nicholas de Stuteville, akatajiwa maki 10,000, yaani zaidi ya pauni 6,600, hela ya kukuzeesha nayo, na John alijua fika, maana mwenye deni la namna hiyo hathubutu kuleta kiburi. Wajane nao walilipa ili wasiozeshwe kwa nguvu. Halafu kuna hii ya 1204, naipenda sana: mke wa Hugh de Neville anaahidi kumpa mfalme kuku 200 ili alale usiku mmoja na mume wake. Wanahistoria wanabishana kama ni utani wa ikulu, mi naona hata kama ni utani, karani kauandika na madeni mengine, ndo ujue John alikuwa nani.

1214 washirika wake wakapigwa na Philip kwenye vita ya Bouvines, hela yote imeteketea, na bado anadai kodi ya vita hiyohiyo. Mabaroni, yaani wale makabaila wenye ardhi kubwa, wakachoka, Mei 1215 wakaingia London, Juni wakamkalisha Runnymede, kando ya mto Thames, akakubali Magna Carta, hati ya kumwekea mfalme mipaka. Watu wanainukuu kwa lile la mtu huru kutofungwa bila hukumu, sawa, ila soma kutoka juu, kifungu cha 2 tu hicho: mrithi wa baroni atalipa pauni 100, basi.

Haikumaliza hata miezi mitatu, Papa Innocent III akaifuta kwa ombi la John mwenyewe, vita ikaanza upya. Oktoba 1216 John akafa kwa kuhara damu pale Newark, London ikiwa mikononi mwa Louis, mtoto wa Philip. Kaacha mrithi wa miaka 9, Henry III, na wazee waliomsimamia, William Marshal akiwa mbele, Novemba ileile wakaitoa tena Magna Carta kwa jina la mtoto. Vifungu kibao walivitoa, pauni 100 wakaiacha palepale.