Antivirusi Inapokosea: Yanayosemwa na Ukweli Wake

Hakuna antivirusi, ya bure wala ya kulipia, ambayo haijawahi kukamata faili lisilo na kosa. Hiyo ndiyo kengele ya uongo, na ipo kweli. Shida ni maneno yaliyozaliwa humo. Kwa kuyaamini, wengine wanafuta kazi zao kwa woga, na wengine wengi zaidi wanamfungulia mwizi mlango huku wakiamini wanarekebisha kosa la mashine.

"Antivirusi ya kampuni kubwa haikosei"

Tarehe 21 Aprili 2010, kampuni ya antivirusi ya McAfee ilituma sasisho lake la kila siku, namba 5958. Sasisho hilo liliiambia antivirusi kwamba svchost.exe ni kirusi kiitwacho Wecorl.a. Kumbe svchost.exe ni faili la Windows lenyewe, na huduma nyingi za mfumo zinaendeshwa kupitia kwake. Kompyuta zenye Windows XP Service Pack 3 zikaanza kujizima na kujiwasha bila kukoma, nyingine zikakosa mtandao kabisa. Mtandao ukishakatika, sasisho la kurekebisha kosa nalo halina njia ya kufika. Ikabidi mafundi wapite mashine moja baada ya nyingine kulirudisha faili kwa mkono, na hospitali na vyuo vikuu vya Marekani vilikuwa miongoni mwa walioumia.

Hawakuwa peke yao. Mei 2007 ilikuwa zamu ya Symantec, ilipoondoa mafaili mawili ya mfumo kwenye Windows XP ya Kichina na kuacha kompyuta haziwaki. AVG ilikamata user32.dll, faili jingine la Windows yenyewe, mwaka 2008. Septemba 2012, antivirusi ya Sophos ilikamata hadi programu yake yenyewe ya kupakua masasisho.

Kosa hili haliwezi kuisha. Katika miaka ya 1980 mtafiti Fred Cohen alithibitisha kihisabati kwamba haiwezekani kuandika programu itakayotambua kila kirusi bila kukosea. Ukiifanya antivirusi iwe kali zaidi, itakamata na wasiohusika. Ukiilegeza, wahalifu watapita. Ndiyo maana maabara kama AV-Comparatives ya Austria hazihesabu virusi vilivyokamatwa tu, zinahesabu na kengele za uongo.

"Imetaja jina la kirusi, basi ni hakika"

Jina lenyewe linaeleza antivirusi ina uhakika kiasi gani, ukijua kulisoma. Chukua hili la Microsoft Defender, antivirusi inayokuja na Windows: Trojan:Win32/Wacatac.B!ml. Herufi mbili za mwisho, "ml", zinamaanisha kwamba uamuzi umetoka kwenye mfumo uliofunzwa kwa mifano, ukaona faili linafanana na mabaya. Kwenye antivirusi nyingine utaona "Heur" au "Gen", na maana yake iko karibu na hiyo: kufanana, au kuwa wa kundi fulani. Haina maana kwamba faili ni salama. Ina maana kwamba bado kuna la kuchunguza.

Wanaoumia sana hapa ni waandishi wadogo wa programu. Kijana anaandika mfumo wa mauzo wa duka kwa lugha ya Python, anaufunga kwa chombo kiitwacho PyInstaller uwe faili moja la exe, yaani programu ya Windows inayojitegemea, anampelekea mteja kwenye flashi, na kompyuta ya mteja inapiga kelele kwamba ni trojani, yaani programu mbaya iliyojifanya nzuri. Mteja anamwona tapeli. Chanzo ni kwamba kile kipande cha PyInstaller kinachoanzisha programu hutumiwa pia na waandishi wa virusi, kwa hiyo programu safi na chafu zinaanza na baiti zilezile. Kuubana mfumo huo kwa UPX, programu ya kupunguza ukubwa wa mafaili ya exe, kunazidisha shaka. Kinachosaidia ni kuacha UPX, kukijenga upya kipande hicho kwenye kompyuta yako mwenyewe, kuweka sahihi ya kidijitali (alama inayothibitisha faili limetoka kwa nani na halijabadilishwa) ukiweza kuigharamia, na kulipeleka faili kwa kampuni ya antivirusi lichunguzwe kabla ya kumpa mteja.

"Zima antivirusi kwanza, hiyo ni kengele ya uongo tu"

Katika yote, hili ndilo linaloniuma zaidi. Limeandikwa kwenye maelezo ya karibu kila programu iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kinga yake ili itumike bila kulipiwa, na baadhi ya mafundi wanaopiga Windows mitaani wanalirudia kwa nia njema kabisa. Defender ikiandika HackTool:Win32/AutoKMS, haijakosea hata kidogo. Imekuambia kuna kifaa cha kukwepa leseni ya Windows, na ndicho kilichopo. Huwezi kuita hiyo kengele ya uongo kwa sababu tu ulikuwa unakitaka kifaa hicho.

Na kwa kuwa watu wamezoea kuzima, wahalifu hawahitaji kuishinda antivirusi tena. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza visakinishi bandia vya KMSPico, kifaa kingine cha kukwepa leseni ya Windows, vilivyokuwa na Cryptbot ndani. Cryptbot hukusanya nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na pochi za sarafu za kidijitali. Mtu anazima ulinzi kwa mkono wake, anaiwezesha Windows, anaona imekubali, anafurahi. Wakati huohuo nywila zake zinasafiri. Programu inayokutaka uzime ulinzi wote ndipo isakinishwe, iache.

"Imetoka tovuti rasmi na ina sahihi, basi antivirusi ndiyo imekosea"

Mara nyingi ni kweli, lakini si kila mara. Mwaka 2017 wahalifu waliingia kwenye mitambo ya watengenezaji wa CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta, na kupenyeza msimbo mbaya kwenye toleo 5.33. Lilipakuliwa kutoka tovuti halisi, likiwa na sahihi halali, na kufikia zaidi ya watumiaji milioni 2.

"VirusTotal imeonyesha moja tu, hakuna shida"

VirusTotal ni tovuti inayopitisha faili lako kwenye antivirusi nyingi kwa mpigo, na ni msaada mkubwa. Ila idadi isikudanganye. Kirusi kilichotengenezwa jana kinaweza kuonyesha sifuri. Tena kampuni kadhaa hukodi injini ya kukagua mafaili ya kampuni ya Bitdefender, kwa hiyo majibu matano yanayofanana yanaweza kuwa ya shahidi mmoja. Angalia ni nani wamelikamata, wametaja nini, na faili lilionekana mara ya kwanza lini.

Jambo jingine: ukipakia faili pale, kampuni za usalama zinaweza kulipata. Kwa hiyo usipakie mkataba, orodha ya mishahara wala taarifa za wagonjwa. Tafuta kwa alama ya faili, yaani namba ndefu inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake, badala ya faili lenyewe. Kama antivirusi haijalifungia karantini, mahali ambapo haliwezi kufunguka, fungua dirisha la amri la Windows uandike:

certutil -hashfile mfumo.exe SHA256

Utapata mstari wa herufi na tarakimu 64. Unakili, uubandike kwenye sehemu ya kutafutia ya VirusTotal. Kama kuna aliyewahi kulipeleka faili hilohilo, majibu yatatokea bila wewe kupakia chochote.

"Likishakamatwa limepotea"

Kwa kawaida limewekwa karantini, halijafutwa. Kwenye Defender fungua historia ya ulinzi, utaliona pale na kitufe cha kulirejesha. Usikimbilie kukibofya. Kwanza sasisha antivirusi, maana makosa mengi ya aina hii hurekebishwa ndani ya saa chache. Ukishajiridhisha kwamba faili ni safi, lirejeshe na uliruhusu hilo peke yake. Kuruhusu folda nzima ya vipakuliwa, au diski C yote, ni kuacha shimo ambalo kila kirusi kijacho kitalipitia, na hutakumbuka kuliziba.

Kisha ripoti. Microsoft ina ukurasa wa kupokea mafaili ya kuchunguzwa, na kampuni nyingine kubwa zinayo njia kama hiyo. Chagua kwamba unadhani faili limekamatwa kimakosa, andika linatoka wapi na linafanya kazi gani, taja jina kamili lililoonyeshwa na toleo la antivirusi yako. Wakikubaliana nawe, wanarekebisha kwa wateja wao wote, na yule kijana wa mfumo wa mauzo hatalazimika kumshawishi kila mwenye duka mmoja mmoja.