Je, wajua ni nini hasa hulirusha ganda la risasi nje ya bastola?

Wengi hujibu haraka: springi. Ndiyo maana mtu aliyebadilisha vipuri vya bastola yake, akaona maganda yanamdondokea miguuni au yanampiga pajini, hukimbilia kununua springi ngumu zaidi. Tatizo linazidi, naye anazidi kushangaa.

Springi kubwa iliyo chini ya mtutu hailisukumi ganda hata kidogo. Kazi yake ni kuifunga breki slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayoteleza, inaporudi nyuma, kisha kuisukuma mbele ikiwa na risasi mpya. Ukiiongezea ugumu, slaidi inarudi nyuma kwa kasi ndogo zaidi, yaani kinyume kabisa cha ulichotaka. Ejekta nayo inapotosha kwa jina lake, maana linaashiria kitu kinachorusha. Katika bastola nyingi ni kipande cha chuma kilichokazwa kwenye fremu, yaani mwili wa chini wa bastola, upande wa kushoto. Hakina springi, na hakisogei hata unywele. Bunduki ndefu kama AR-15 zina ejekta yenye springi, na huenda dhana hiyo ilitoka huko. Kwenye bastola, ganda ndilo linaloifuata ejekta ilipo.

Risasi ikishafyatuka, slaidi hurudi nyuma ikiwa imeling'ata ganda kwa ekstrakta, ukucha mdogo wa chuma ulio upande wa kulia. Ganda husafiri kinyumenyume mpaka upande wake wa kushoto ujikwae kwenye ejekta. Ichukulie ejekta kama kisiki njiani: anayekimbia akijikwaa huruka mbali, anayetembea huyumba tu. Ukucha nao ni bawaba ya mlango. Upande wa kushoto wa ganda ukizuiwa, ganda huzunguka kwenye bawaba hiyo na kutoka kulia. Bawaba ikilegea, mlango uleule ukisukumwa kwa nguvu ileile leo utakwenda huku, kesho kule. Basi mambo ni mawili: kasi ya slaidi na uthabiti wa ukucha.

Maganda yakidondoka yote mahali pamoja, karibu na miguu, shuku kasi. Yakitawanyika, moja mbele, moja nyuma, moja kichwani, shuku ukucha. Si kanuni ya chuma, kwa kuwa umbo la ejekta nalo lina usemi. Bastola za Glock za 9 mm za kizazi cha 4, zilizotoka mwaka 2010, zilipata sifa ya kutupa maganda usoni; kampuni ilibadilishia wateja springi mwaka 2011, na baadaye ejekta namba 336 ikapisha namba 30274.

Vipuri vingi vya kuongezea huiiba kasi kimyakimya. Kompensata, kifaa kinachofungwa mdomoni mwa mtutu, hupeleka gesi juu, nguvu ya kuirudisha slaidi ikapungua. Kilengeo cha nukta nyekundu huongeza uzito juu ya slaidi. Ukichanganya hivyo na springi ngumu na risasi hafifu za mazoezi, slaidi inafika kwenye kisiki ikiwa imechoka. Kwa bastola ya aina ya 1911 ya risasi za .45 yenye mtutu wa inchi 5, springi ya kawaida ni ratili 16. Anayeweka 18 na kuendelea kwa risasi laini asilaumu ejekta.

Anza kwa kurudisha springi ya kiwandani. Piga risasi 20 zenye nguvu kamili, za 9 mm zenye kichwa cha gramu 8 kwa mfano, miwani ikiwa machoni. Kisha mpe mwenzako anayeshika bastola kwa mkono thabiti apige 10. Mkono ukilegea, fremu hurudi pamoja na slaidi na tofauti ya mwendo kati yao inapungua, kana kwamba kisiki nacho kinakimbia.

Halafu pima ukucha. Pakia risasi moja, chomoa magazini, piga; rudia mara 10. Ganda likidondokea ndani ya kitako mahali pa magazini, ukucha haushiki. Baadhi ya bastola hazifyatuki bila magazini, na kwa hizo jaribio hili halifai. Toa risasi zote, kagua chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuka, kwa jicho na kidole, vua slaidi, usukutue kwa brashi masizi yaliyoganda chini ya ukucha. Kwenye 1911, penyeza ganda tupu chini ya ukucha na utikise slaidi taratibu: lisidondoke. Kwenye bastola ambazo ukucha wake unasukumwa na springi ya pembeni, jaribio hili la kutikisa halitegemeki sana.

Kama hitilafu ilianza siku kilengeo kilipofungwa, tazama skrubu zake kabla ya kununua chochote. Kwenye slaidi nyingi, mfereji wa kijiti kinachousukuma ukucha unapita chini ya skrubu ya kulia. Skrubu ikizidi urefu kidogo tu, ncha yake inakibana kijiti na ukucha unakosa nguvu. Ilegeze, ukucha ukirudi kucheza, tafuta skrubu fupi zaidi.

Sikiliza pia risasi ya mwisho. Maganda yote yakitoka vizuri isipokuwa hilo moja, jua kwamba risasi iliyokuwa chini, ndani ya magazini, ndiyo iliyokuwa ikilishikilia ganda kwa niaba ya ukucha dhaifu.